Nyanya Haiivi kwa Shida ya Mwenye Bustani

Hotuba ya Mwenyekiti wa Kikundi siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi, Ilula, Iringa

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu viongozi wa kijiji na kata,
Wageni waalikwa, na waume zetu mliokubali kuja,
Ndugu wanachama wenzangu,

  

  

Katibu ameshasoma risala na Mtunza Hazina ameshasoma hesabu, kwa hiyo mimi sitarudia habari za hisa wala za riba. Kamati iliniomba nitoe neno moja la kazi, neno ambalo mtu ataondoka nalo hata kama chakula kitakwisha mapema. (Vicheko.) Nimechagua nyanya. Nitazungumzia namna ya kujua kwamba nyanya uliyoipanda mwenyewe sasa imefika siku ya kuchumwa.

Nawaona wengine hapo nyuma mnatazamana. Mnasema, mwenyekiti atatufundisha nyanya sisi watu wa Ilula? Mabasi yote yanayopita barabara kuu ya Dar es Salaam yanajua kwamba hapa ni kwenye nyanya. Hata mtoto wa darasa la kwanza anajua nyanya nyekundu imeiva. Ni kweli. Lakini jamani, nawauliza: fedha iliyomo katika sanduku letu lile la kufuli tatu inatoka wapi? Sisi hatuna mishahara. Inatoka kwenye vinyungu vyetu bondeni na kwenye bustani nyuma ya nyumba. Mama anakopa, ananunua mbegu na mbolea, halafu nyanya ndiyo inayolipa. Basi nyanya ikichumwa kabla ya siku yake, sanduku linaumia. Ikicheleweshwa, sanduku linaumia vilevile. Kwa hiyo maneno haya ni ya jikoni na ya mkopo pia, na mwisho wa mazungumzo haya nina jambo nataka kuliweka mbele ya mkutano.

Nianze na hesabu ya siku. Mche unakaa kitaluni kama wiki nne, tukiwa kwenye baridi unazidi kidogo. Ukishauhamishia bustanini, aina nyingi tunazolima hapa, kama Cal J, Tanya na Tengeru 97, zinaanza kuchumwa siku kati ya 75 na 90. Ukipenda kuhesabu kwa ua, tangu ua lifunguke mpaka tunda liive ni siku 45 hadi 60. Kiangazi chenye joto huenda haraka. Juni na Julai, wakati usiku wetu ni wa kujifunika mablanketi mawili, nyanya nayo inalala. Utaiona kubwa, nzuri, lakini kijani wiki nzima na nyingine tena. Haina ugonjwa, inangoja joto.

Kwa hiyo andikeni tarehe. Daftari la shilingi chache tu, andika siku uliyopanda kitaluni, siku uliyohamisha, na siku ulipoona maua ya kwanza. Asiyependa daftari aandike ukutani kwa mkaa. Lakini mshike jambo hili: hesabu ya siku inakwambia lini uanze kwenda kutazama, haikwambii lini uchume. Ya kuchuma inasemwa na tunda lenyewe.

Sasa tunda linasemaje? Linapita hatua, na kila hatua ina alama yake.

Hatua ya kwanza ni nyanya changa. Ni ya kijani kibichi, ngozi imefifia kama yenye vumbi, bado inaongezeka unene kila siku. Hii isiguswe kabisa. Ukiichuma haitaiva hata uifunike namna gani. Itanywea, itakunja ngozi, na hata ikigeuka rangi itakuwa ya njano ya kuchoka, isiyo na utamu. Mtu anayechuma nyanya changa ametupa mbegu, mbolea, maji na mgongo wake.

Hatua ya pili ni nyanya iliyokomaa lakini bado kijani. Hapa ndipo watu wengi tunapokosea kuitambua, kwa sababu ukiitazama kwa mbali zote mbili ni kijani. Isogelee. Iliyokomaa kijani chake kimepungua ukali, kimekuwa cheupecheupe, hasa kule kwenye kitako. Mara nyingi utaona kitako kimeweka kama nyota nyeupe. Ngozi inang'aa kidogo, na mabega ya tunda yamejaa. Ukiipima mkononi ni nzito kuliko ukubwa wake.

Kama bado una mashaka, toa sadaka nyanya moja. Chukua kisu kikali, ikate katikati kwa upana. Tazama vyumba vya ndani vyenye mbegu. Ukikuta vyumba vimejaa ute kama uji mwepesi, na kisu kimezisukuma mbegu pembeni bila kuzikata, nyanya hiyo imekomaa, na ndugu zake wa ukubwa huo kwenye mti huo wamekomaa. Ukikuta ndani pakavu, na mbegu zimekatwa na kisu kwa sababu zimeshikamana na nyama, funga kisu chako urudi nyumbani. Nyanya moja inakuokolea tenga zima.

Hatua ya tatu ni nyanya iliyovunja rangi. Kwenye kitako unaona doa la njano au la wekundu hafifu, kama mtu amepaka kwa ncha ya kidole. Rangi huanza chini na kupanda kuelekea kwenye kikonyo, kwa hiyo usitazame juu peke yake. Inama, inua jani, geuza tunda kwa upole uone chini yake.

Hatua ya nne nyanya inageuka, rangi imetambaa mpaka kama robo ya tunda. Hatua ya tano inakuwa ya rangi ya waridi, nusu na zaidi, mabega tu ndiyo yenye ukijani. Hatua ya sita imekuwa nyekundu yote, ukiibonyeza kidogo inakubali bila kubonyea, na ukiikaribisha puani inanukia nyanya. Tangu ivunje rangi hadi iwe nyekundu kamili, hali ya hewa ikiwa nzuri, ni kama wiki moja tu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa pana fedha. Nyanya inaongezeka uzito mpaka inapokomaa. Ikishakomaa na kuvunja rangi, haiongezi tena uzito wa maana. Kinachoendelea ni kubadilika rangi, kulainika na kuongeza utamu na harufu, na mambo hayo inaweza kuyamaliza hata ikiwa imeshachumwa, kwenye kivuli cha nyumba yako. Hii ina maana mbili. Maana ya kwanza: ukichuma kabla haijakomaa unapoteza kilo, na kilo hizo hazirudi. Maana ya pili: ikishavunja rangi, kuiacha mtini kwa ajili ya soko la mbali hakukuongezei kitu. Unawaachia ndege, unaiachia kantangaze ambaye tangu alipoingia nchini kwetu mwaka 2014 ametutoa machozi, unaiachia mvua moja ya ghafla ipasue ngozi. Wote hao ni wanachama wa bustani yako wasiolipa hisa. (Vicheko na makofi.)

Basi uchume hatua gani? Inategemea nyanya inakwenda wapi. Kama inapanda lori kwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 400, inateremka Kitonga, inalala njiani, inasubiri sokoni, ichumwe ikiwa imevunja rangi, isizidi kugeuka robo. Ikiwa nyekundu itafika imekuwa mchuzi, na dalali atakwambia mzigo wako umeharibika, nawe huna la kujibu. Kama ni ya soko la Iringa mjini, ya waridi inafaa. Kama ni ya fungu la barabarani, abiria ananunua anachokiona, anataka iliyokaribia nyekundu lakini ngumu. Ya kupeleka kiwandani kusindikwa iwe nyekundu kabisa, maana wanachotaka ni rangi na uzito wa nyama. Na ile ya chungu chako mwenyewe, mama, iache mtini mpaka iwe nyekundu kamili. Nawaomba tusiwe watu wa kuuza nzuri zote na kuwapikia watoto zilizopasuka. Hata kwenye bustani ya miti kumi nyuma ya jiko, tengeni mti mmoja uwe wa nyumbani.

Nyanya ya mbegu nayo iive kabisa, ianze kulainika, itoke kwenye mti wenye afya na wenye kuzaa vizuri. Lakini mbegu za chotara, zile zilizoandikwa F1, usipoteze muda kukamulia mbegu. Watoto wake hawatafanana na mama yao.

Tujue pia tabia za aina tunazopanda. Cal J na Tanya ni za mti mfupi unaofika kimo ukasimama. Matunda yake mengi yanaiva kwa kukaribiana, kwa hiyo mvunaji apite kila baada ya siku mbili au tatu, asisubiri Jumamosi. Aina za kupanda juu kama Money Maker zinaiva kuanzia kichala cha chini kwenda juu, kidogo kidogo kwa muda mrefu. Hizo ni nzuri kwa bustani ya nyumbani kwa sababu mboga haikatiki. Na kuna aina ambazo mabega yake hubaki na ukijani hata ndani kumeiva. Usizisubiri mpaka mabega yawe mekundu, utazikuta zimeoza kitako. Bonyeza, nusa, pima uzito. Macho peke yake yanadanganya.

Na kwa kuwa macho yanadanganya, nizitaje nyekundu za uongo. Kuna nyanya inayowahi wenzake wote, unafurahi, kumbe ukiigeuza kitako ni cheusi, kimedidimia. Hiyo ni kuoza kitako. Huletwa na kumwagilia leo sana na kesho kuacha, mmea unashindwa kupeleka chokaa kwenye tunda. Kuna nyingine ina tundu dogo karibu na kikonyo, ndani ana mgeni. Kuna mti ulionyauka, matunda yake yanabadilika rangi kwa sababu mti unakufa, si kwa sababu yamekomaa. Na kuna yenye madoa ya duara duara, njano na nyekundu, hiyo ni dalili ya virusi. Zote hizi zitoeni bustanini, msizichanganye na nzima. Moja iliyooza ndani ya tenga inaambukiza majirani zake kabla lori halijafika Mikumi.

Joto nalo lina neno lake. Wekundu wa nyanya unajitengeneza vizuri hali ikiwa ya wastani, nyuzi 20 hadi 25. Jua likizidi nyuzi 30 siku nyingi mfululizo, rangi nyekundu inakwama, tunda linabaki la manjano au la chungwa. Usifikiri ni mbegu mbaya, na usifyeke majani ukidhani unalipa jua liivishe. Nyanya haihitaji jua la moja kwa moja ili iive, inahitaji joto. Ukifyeka majani jua litalibabua tunda, utaona bakuli jeupe limejichora ubavuni, na hapo ndipo kuoza kunapoanzia.

Kuhusu maji: matunda yakianza kubadilika rangi, punguza maji kidogo lakini usikate. Bustani iliyokauka wiki nzima halafu ikapigwa ndoo ishirini kwa siku moja, asubuhi yake nyanya zote zimepasuka kama miguu ya mtu asiyepaka mafuta.

Ndugu wanachama, sasa nasema neno zito kidogo. Rangi nyekundu peke yake si ruhusa ya kuchuma. Kama umepiga dawa, ruhusa inatoka kwenye kibandiko cha dawa. Kila dawa ina siku zake za kungoja tangu kupiga mpaka kuvuna. Nyingine ni siku chache, nyingine ni wiki, nyingine zaidi. Ukinunua dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, umenunua dawa isiyo na kalenda. Asiyeona vizuri maandishi madogo, na mimi ni mmojawapo, ampe mtoto amsomee, au amwulize bwana shamba. Tumewahi kusikia mtu akisema, "Hizi zinakwenda Dar, si za kwetu." Dar pana watoto wa nani? Ni wajukuu zetu hao hao waliokwenda kutafuta maisha. Basi mpango uwe huu: ukiona matunda yanakaribia kuvunja rangi, panga upigaji wako wa mwisho kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kuchuma. Siku ya kupiga iandikwe kwenye lile daftari.

Sasa kuchuma kwenyewe. Wahi asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Nyanya iliyochumwa na maji juu yake inaoza upesi. Kucha ziwe fupi. Mikono inawe kwa sabuni, na hasa kama umetoka kushika tumbaku au sigara, kwa maana tumbaku ina ugonjwa unaohamia kwenye nyanya. Lishike tunda kwa kiganja chote, siyo kwa ncha za vidole. Kidole gumba kiweke kwenye kile kifundo kilichopo juu ya kikonyo, inua na kuzungusha kidogo. Tunda lililofika siku yake linaachia pale pale kwenye kifundo. Likikataa, usishindane nalo, usilivute ukaja na tawi lenye watoto wake sita. Liache mpaka kesho kutwa.

Za kuweka kwenye tenga zitolewe vikonyo ili zisichomane. Za nyumbani ziache na kofia yake, hukaa vizuri zaidi. Usizirushe, zilaze. Tandika majani makavu chini ya tenga, weka kivulini. Na jamani, tenga lililojazwa mpaka likaota kichwa, likafungwa kamba na kukaliwa na mtu ili lifunge, faida yake ni ya nani? Zile za chini zinapondeka, na maji yake yanaozesha za katikati. Mnunuzi anahesabu tenga moja, wewe umetoa moja na nusu.

Zile zilizokomaa zikiwa kijani, kwa mfano baridi imekaza au ugonjwa wa ukungu umeingia na unataka kuokoa kilichobaki, zipange kwenye boksi au ungo, safu moja, zisigandamane. Weka katikati yake nyanya moja iliyoiva au ndizi mbivu, funika kwa gazeti au kanga. Tunda lililoiva linatoa hewa fulani, wataalamu wanaiita ethilini, na hewa hiyo ndiyo inayoziamsha zilizolala. Zitazameni kila siku, toeni iliyoiva na hasa iliyooza. Wala hazihitaji kuanikwa dirishani. Na wenye friji, hongereni, lakini nyanya ambayo haijaiva msiitie humo. Baridi ya friji inaizuia isiive kabisa na inaua harufu yake. Friji ni ya iliyokwisha iva mno, unayotaka ikungoje siku mbili tatu.

Zikizidi, zikaangwe zikaushwe maji zihifadhiwe kwenye chupa zilizochemshwa, au zikatwe na kukaushwa kwenye kaushio letu la kikundi. Hilo tutalizungumza siku nyingine.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa naomba nifike kwenye jambo nililoahidi.

Mama anakuja kwenye kikao anaomba mkopo wa mbegu na mbolea. Tunampa. Wiki inayofuata anaanza marejesho, kwa sababu ndivyo kanuni yetu inavyosema: kila aliyekopa arejeshe kila wiki. Kanuni hii inamfaa muuza maandazi, kwa maana andazi linaiva asubuhi na fedha inaingia asubuhi. Lakini nyanya tumeshaihesabu hapa sasa hivi pamoja. Wiki nne kitaluni, siku 75 mpaka 90 bustanini. Ni miezi minne kasoro kidogo kabla ya senti ya kwanza. Mama huyu atarejesha na nini katika miezi hiyo? Atauza kuku. Atauza mahindi ya kula. Kuku na mahindi yakiisha, anaingia bustanini na ndoo, jioni watu wasimwone, anachuma zile za hatua ya kwanza ambazo nimesema zisiguswe kabisa. Au mchuuzi anakuja na noti mkononi, anaitazama bustani nzima ikiwa kijani, anataja bei yake, na mama anakubali kwa sababu kesho ni siku ya kikao na anaogopa faini. Yule mchuuzi hana haraka. Anasubiri wiki mbili, anachuma zilizokomaa, uzito wote ulioongezeka ni wa kwake.

Faini yetu ndiyo iliyomchumisha. Tunasema tunamsaidia huyu mama, kumbe kalenda yetu inapigana na kalenda ya nyanya, na katika ugomvi huo nyanya haibadiliki. Nyanya haiivi kwa shida ya mwenye bustani. Kinachoweza kubadilika ni kanuni, kwa sababu kanuni tuliitunga sisi wenyewe.

Hivyo basi naleta pendekezo kwa mkutano mkuu ujao. Uwepo mkopo wa bustani, tofauti na mkopo wa biashara ndogondogo. Katika miezi minne ya kwanza mkopaji aendelee kununua hisa kwa uwezo wake na alipe riba tu kila mwezi. Deni lenyewe aanze kulirejesha anapoanza kuchuma, na limalizike katika wiki sita za mavuno, kwa sababu nyanya za mti mfupi huchumwa muda wa karibu hivyo.

Najua yapo mashaka, na Mtunza Hazina ameniambia yake usoni, nami namshukuru. Anasema fedha zikilala nje miezi minne, mwenye mgonjwa atakopa nini? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba mfuko wa jamii usiguswe, na mikopo ya bustani isizidi theluthi ya fedha za sanduku kwa wakati mmoja. Wengine wanasema, je, mvua au ukungu ukimaliza bustani? Hilo nalo ni kweli, nyanya ni mali ya hatari. Ndiyo maana wadhamini watatu wabaki palepale, na Kamati ipite bustanini mara tatu: miche ikihamishwa, maua yakitoka, na nyanya za kwanza zikivunja rangi. Tukipita mara ya tatu tutamwambia mwenye bustani mbele ya wadhamini wake, sasa chuma, au bado subiri. Hatutakuwa askari. Tutakuwa macho mengine yanayoinama kutazama kitako cha nyanya.

Sisemi pendekezo hili likubaliwe leo. Leo ni siku ya kula na kucheza. Nendeni mkalizungumze bombani na njiani, mje na hoja zenu. Linaweza kupingwa, linaweza kurekebishwa. Ila nawaomba anayelipinga aje na jibu la swali moja: mama aliyekopa ya mbegu alipe na nini nyanya ikiwa bado kijani?

Kwa waume zetu mliopo hapa, ombi ni dogo. Mchuuzi akija nyumbani mchana mama yuko bombani, msikubali bei ya bustani ambayo hamkuinamia. Mngojeni mwenye jembe.

Kwa Mgeni Rasmi, hatukuombi fedha. Tunaomba utusaidie bwana shamba afike kwetu walau mara moja kila mwezi wakati wa maua na wakati wa kuvuna. Na kama itawezekana, mizani ya kikundi, ili tuache kuuza kwa macho ya mtu mwingine.

Miaka kumi iliyopita tulianza kwa kuweka kidogo kidogo, na wapo waliosema hatutamaliza mwaka. Tumemaliza kumi. Tulijifunza kuweka. Sasa tujifunze kungoja, na tujifunze pia kutochelewa, maana vyote viwili ni kazi moja.

Akina mama, hoyee! Kikundi, hoyee! Nyanya iliyokomaa, hoyee!